Majani mu sahani ya mbwa na paka: yanasaidia wapi, yanaua wapi?

Mu Kolwezi mbwa na paka hawafugwi kwa kupendeza macho. Mbwa yuko kazini. Usiku analinda parsele, analinda mifuko ya makala, analinda depo ya wenye kununua madini, na mu vijiji vya Mutshatsha na Lubudi anaendaka na bwana wake ku pori. Paka naye ana kazi yake, panya. Lakini mshahara ni mudogo: bukari ya jana yenye kubakia, mifupa kama kulikuwa nyama, na siku yenye hakuna kitu, analala hivyo. Akianza kukonda, ao manyoya kutoka, ao kutapika, kitu cha kwanza chenye mwenyewe anafikiria si munganga wa wanyama. Ni majani.

Hakuna haya mu jambo hilo. Kitivo cha uganga wa wanyama mu eneo letu kiko Lubumbashi, ku UNILU, karibu kilometa 300 na hapa. Munganga wa wanyama, hata kama anapatikana karibu, anaitwa kwanza kwa ng'ombe, nguruwe na kuku, vile vyenye kuleta pesa. Nani ataita munganga juu ya paka? Tena dawa ya miti ni yetu. Mutu mwenye kukunywa munkoyo tayari anakunywa maji ya mizizi yenye mama yake alijua kuchagua. Ofisi ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, OMS, iliweka hata siku yake, tarehe 31 mwezi wa munane, kwa kuheshimu dawa za kienyeji za bara letu.

Siku hizi habari inatoka pia upande mwingine, ku simu. Mu WhatsApp kunapita video za Ulaya na Marekani zenye kuonyesha sashe za unga wa moringa, manjano ao vitunguu saumu, zenye kuandikwa kama ni za asili kabisa na zinampa mbwa nguvu, manyoya mazuri, maisha marefu. Wengi wanasema: kama wazungu wenyewe wamerudi ku miti, basi bibi yetu alikuwa na haki. Pole pole. Mu Marekani, mwenye kuuza unga wa namna hiyo halazimishwi kuhakikisha kwanza kama unaponya. Na mwaka wa 2009, baraza la taifa la utafiti la kule lilitoa ripoti juu ya nyongeza za chakula cha farasi, mbwa na paka. Vitunguu saumu vilikuwa kati ya vitu vitatu vyenye walichunguza. Wenye elimu hao walikuta kama utafiti wenye kuwepo hautoshi hata kwa kusema kipimo gani hakina hatari. Sashe nzuri si ushuhuda.

Lakini mutu asiseme kama redio inazarau miti. Kuna ushuhuda wa karibu na sisi. Ngambo ya ziwa Tanganyika, mu milima ya Mahale, Tanzania, mwaka wa 1987 mutafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mwenyeji wa kule mwenye kujua pori, walifuata sokwe mumoja mwanamuke mwenye kugonjwa. Sokwe yule alivunja matawi ya muti muchungu, akaondoa ganda, akatafuna moyo wa tawi na kufyonza maji yake. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Kalunde aliujua muti ule: Watongwe wanautumia kama dawa. Ni Vernonia amygdalina, ule wenye wandugu wa Kivu wanaita mubirizi. Mutazame vizuri lakini alifanya nini. Hakukula majani wala ganda, mahali kwenye sumu ni nyingi. Alichagua sehemu moja, akakula kidogo, siku yenye aligonjwa, halafu akaacha. Hakuitia mu chakula cha kila siku.

Ni hapo kosa letu linaanza. Tunachukua muti wenye kusaidia mutu, tunapima kwa macho, tunatia mu bukari ya mbwa kila siku, halafu kile chenye kubakia tunamupa paka. Sasa mbwa si mutu. Na paka si mbwa mudogo.

Mbwa ameishi na sisi muda mrefu hata tumbo yake imebadilika. Mwaka wa 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kama mbwa, tofauti na mbwa wa mwitu, ana uwezo mukubwa wa kuvunja wanga. Kwa hiyo bukari haimuui. Anaweza kuishi nayo, kama kuna kitu kingine pembeni. Paka hakupita njia hiyo. Yeye ni mwenye kukula nyama tu. Kuna kitu kinaitwa taurini, chenye kupatikana mu nyama na samaki. Mbwa kwa kawaida anajitengenezea, paka hawezi kujitengenezea ya kutosha. Akikosa muda mrefu, macho yanaharibika na moyo unachoka. Waganga wa Marekani walihakikisha jambo la moyo mwaka wa 1987. Hakuna jani lenye kuleta taurini. Paka wa parsele yenye panya nyingi anajitafutia mwenyewe. Ule wa nyumba ya kufungwa, wa bukari na lengalenga, anakufa pole pole, na watu wanasema amelogwa. Ndakala chache kila siku, zenye hazina chumvi nyingi, zinamusaidia kuliko unga wowote wa majani.

Tena ini ya paka inakosa kitu kimoja chenye ini yetu na ya mbwa inacho cha kuvunja sumu fulani. Ndiyo maana parasetamoli, dawa yenye tunapanaka watoto wetu bila kuogopa, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka. Na ndiyo maana majani na mafuta ya miti yenye harufu kali yanamuhatarisha yeye zaidi kuliko mbwa. Mutu mwenye kupima dawa ya mimea ku mbwa na kuona iko sawa, asiseme basi paka naye anaweza.

Tuingie sasa mu jikoni, juu kule ndiko kwenye hatari kubwa na watu hawaioni.

Vitunguu. Watu wengi wanatia vitunguu saumu mu chakula cha mbwa kwa kufukuza viroboto na minyoo. Vitunguu vya kawaida navyo vinaingia na supu yenye kubakia. Vyote viwili ni jamaa moja, na vyote vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Mbwa anachoka, ufizi unakuwa mweupe, mukojo unakuwa na rangi ya kahawia. Ishara zinatoka kisha siku chache, si siku ile ile, na kwa hiyo mwenyewe hasemi ni vitunguu. Anasema ni minyoo, na anaongeza vitunguu! Waganga wanahesabu kama gramu 15 mpaka 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mwili zinaanza kuharibu damu ya mbwa. Kwa paka gramu 5 kwa kilo zinatosha. Mbwa wetu wa kawaida wa kilo 10, ni kitunguu kimoja kikubwa. Paka wa kilo 3, ni kipande cha gramu 15, kile chenye kuanguka toka ku kisu. Kupika hakuondoi sumu, kukausha na kusaga hakuondoi. Kwa vitunguu saumu, mwaka wa 2000 watafiti wa Japani walipana mbwa kipimo cha gramu 5 kwa kilo kila siku, siku saba, na damu yao iliharibika. Ni kipimo kikubwa, ndiyo. Lakini mutu mwenye kutia vichwa viwili mu sufuria ya mbwa mumoja, kila siku, hayuko mbali nacho. Na kwa viroboto hakuna ushuhuda wa kuaminika kama vitunguu vinawafukuza.

Mbegu za papai kwa minyoo: hapa bibi hakukosea sana. Mu Nigeria, mwaka wa 2007, kulitangazwa utafiti ku watoto 60 wenye minyoo. Kati ya 30 wenye kupewa mbegu za papai zenye kukaushwa pamoja na asali, 23 walipona. Kati ya 30 wenye kupewa asali peke yake, ni 5 tu. Ni jambo la maana. Lakini walikuwa watoto, si mbwa, na hesabu ndogo. Minyoo ya mbwa ni mingine, na wamoja kati ya hiyo wanapita mpaka kwa watoto wenye kucheza mu udongo bila viatu. Kama mutoto wa mbwa ana tumbo kubwa kama ngoma na hakui, mbegu za papai si za kungojea. Kidonge cha minyoo cha wanyama kinauzwa, na munganga anakipima kufuatana na uzito.

Moringa haina ubaya kama ni majani, kidogo, juu ya chakula cha mbwa mwenye kukonda. Ina protini, ina vitamini. Mizizi na ganda lake waache, vina sumu. Na sombe? Ikitwangwa na kupikwa vizuri namna tunajua, mbwa anakula. Mbichi hapana, wala maganda ya muhogo muchungu, juu ya ile sumu ya sianidi yenye mama zetu wanaondoaka kwa kuloweka na kupika. Wanaondoa kwa ajili ya watu, halafu maganda yanatupwa pale mbwa mwenye njaa anapita.

Kuna pia buba, ule muti wenye watu wanatwanga na kutupa mu mto ili samaki waelee. Jina lake la kitabu ni Tephrosia vogelii. Nguvu yake inatoka ku kitu kinaitwa rotenoni, chenye kuua wadudu kweli. Zamani hata Ulaya na Marekani waliuza unga wa rotenoni kwa viroboto vya mbwa. Wafugaji wa mbuzi wanaosha wanyama na maji ya majani yake juu ya kupe. Kwa nje, kwa mbwa mukubwa, mutu mwenye kujua kipimo anaweza kufika. Lakini kumupa akule ni kumuua. Na paka anajiramba mwili muzima kutwa. Chenye unamupaka ku manyoya, jioni kiko mu tumbo yake. Kwa paka, buba hapana, hata kwa nje.

Halafu yako mambo ya kufanya mbwa mukali. Tunayajua wote: bangi mu nyama, pilipili ku pua, tumbaku. Wenye depo wanasadiki kama mbwa mwenye kuvuta na kukula hivyo halali usiku. Ukweli ni kinyume. Bangi inamulegeza mbwa: anayumba, anakojoa bila kujua, mwili unakuwa baridi, na wamoja wanaanguka kama wafu. Mwizi atamupita tu. Tumbaku yenyewe inaweza kusimamisha pumzi na moyo. Pilipili ku pua inachoma mahali pale pale kwenye mbwa anafanyia kazi, maana mbwa analinda na pua mbele ya macho. Mbwa mwenye kushiba, mwenye kujua watu wa nyumba yake, ndiye anabweka kwa wakati.

Mpaka hapa, mambo yote haya yanaweza kusemwa Goma, Dar es Salaam ao Mombasa. Kuna moja lakini lenye ni letu sisi wa Lualaba, na ndilo hakuna video ya WhatsApp itakuambia. Jani lako linatoka ku udongo gani?

Wajiologia wanajua ua moja dogo, Haumaniastrum katangense, lenye wanaita ua la shaba, juu linapenda kuota mahali kwenye udongo una shaba. Limesaidia hata wenye kuchimbua mambo ya kale kukuta mahali kwenye wafuaji wa zamani waliyeyushia. Mimea mingine haionyeshi kitu, lakini nayo inavuta shaba na kobalti ku mizizi mpaka ku majani. Watafiti wa Lubumbashi wamepima mboga za bustani zenye kuwa karibu na viwanda na kukuta madini ndani. Na hapa kwetu Kasulo, kartié yenye kujulikana dunia nzima tangu watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao mwaka wa 2014, kundi la Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza mwaka wa 2018 kama mukojo wa wakaaji, zaidi sana watoto, ulikuwa na kobalti nyingi kuliko ya watu wenye kuishi mbali na machimbo. Vumbi ya ndani ya nyumba ndiyo iliwaletea sehemu kubwa. Sasa mbwa analala wapi? Ni mu vumbi ile. Analamba miguu yake. Na tunamuchumia majani pembeni ya barabara ya 39, kule malori ya madini yanapita usiku na muchana, ao ku kandokando ya maji yenye kutoka ku viwanda.

Shaba kwa mbwa si muchezo. Kuna aina za mbwa, kama Bedlington terrier ya Uingereza, zenye kuzaliwa bila uwezo wa kutoa shaba mu ini, na zinakufa kwayo. Lakini hata mbwa wa aina zingine wanaipata. Mwaka wa 2021 kundi la waganga wa wanyama wa Marekani liliandika mu gazeti la chama chao kama shaba yenye viwanda vinatia mu vyakula vya mbwa ni nyingi kupita, na ini za mbwa zinaonyesha. Wao wanagombana juu ya shaba ya kiwandani, kidogo kidogo mu sashe. Sisi tunaishi juu yake. Wazee wafuaji wa nchi hii waliitwa wakula shaba; ni jina la sifa, lakini ini haina habari na sifa. Kuosha majani kunatoa vumbi ya juu, na ni vizuri kuosha mara mbili tatu. Chenye muti umevuta ndani hakitoki na maji. Basi kama mutu anataka moringa ao mbegu za papai kwa mbwa wake, azitoe ku parsele yenye haikuchimbwa, mbali na kiwanda na barabara, ama ku kijiji. Ni hivyo pia kwa mboga za watoto wetu, lakini hiyo ni emisyo ingine.

Nimeacha kwa mwisho jambo lenye kuua watu.

Kichaa cha mbwa hakina dawa ya miti. Wala ya kumukinga mbwa, wala ya kuponya mutu. OMS inahesabu kama watu karibu 59 000 wanakufa kila mwaka duniani juu yake, karibu wote Afrika na Asia, karibu wote kwa meno ya mbwa, na sehemu kubwa, karibu 40 kwa mia, ni watoto wa chini ya miaka 15. Virusi inapita mu mishipa ya fahamu mpaka ku ubongo. Inaweza kuchukua juma, inaweza kuchukua miezi. Siku yenye mutu anaanza kuogopa maji, karibu hakuna mwenye kupona. Muda ule wa kimya ndio unadanganya. Mutoto ameumwa, munganga wa kienyeji amepaka majani, ao amebandika jiwe nyeusi, juma mbili zinapita, mutoto anacheza, na watu wanasema dawa imefanya kazi. Na kwa upande wa mbwa ni hivyo hivyo: mwenyewe anasema mbwa wangu anakula mizizi, ana nguvu, haitaji shindano. Nguvu haisimamishi virusi ile.

Kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kimeonyesha njia. Tangu 2010 walianza kuchanja mbwa kwa wingi. Mwaka wa 2014 kichaa kiliisha kabisa. Kazi ikalegea, na mwaka wa 2016 kikarudi toka inje. Wakachanja tena, na mu 2018 kikaisha mara ya pili. Kipimo chenye wenye elimu wanatoa ni mbwa 70 kwa mia wenye kuchanjwa. Pemba si tajiri kuliko Lualaba, jimbo lenye kobalti ya dunia. Tofauti ni kwamba kule chanjo ilitafutwa na mbwa wakachanjwa.

Kwa mwenye ameumwa leo: osha kidonda na maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, usikifunge, usitie majani, jiwe wala mafuta ya motokari, na kwenda ku hospitali siku ile ile juu ya chanjo ya mutu. Mbwa mwenye kuuma, kama anajulikana, asiuawe mara moja kama anaweza kufungwa salama. Anachungwa siku 10. Akibaki muzima siku hizo, hakuwa na virusi mu mate siku yenye aliuma. Akikufa ao akibadilika, munganga aambiwe mara moja.

Tarehe 28 mwezi wa tisa kila mwaka ni siku ya dunia ya kupiganisha kichaa cha mbwa, na mataifa yalijipa mpaka 2030 kwa kuondoa vifo vya watu. Idara ya ufugaji ya jimbo inaweza kufanya kitu cha raisi mbele ya tarehe hiyo: kutangaza ku redio, juma mbili kabla, ni mu komini gani chanjo itapatikana, Dilala ao Manika, siku gani, saa gani, na bei gani. Bei isemwe wazi. Mutu mwenye mbwa watatu na pesa ya mbwa mumoja anapashwa kujua kabla ya kutoka ku nyumba, asifike pale na kamba tatu mukononi halafu arudi.